Mkwe Mwenye Kisu

Aliko Mwambungu alikosa mengi. Alikosa mama, aliyefariki yeye akiwa hajajua hata kufunga kamba za viatu. Alikosa cheti cha chuo, maana ufundi wake wa jenereta na sola aliupata dukani kwa Haruni pale Kyela mjini, kwa kupigwa shoti na kutukanwa. Alikosa nyumba, alichokuwa nacho ni msingi tu kule Katumba Songwe, ulioota magugu hata kuku wa jirani wakataga humo. Alikosa kaka, alikosa dada, alikosa kimo, alikosa sauti ya kwaya, alikosa suti. Na kama orodha hii angeiandika shangazi yake Kisa, angeongeza jambo moja kwa herufi kubwa: alikosa mfuniko wa mdomo. Neno likimfika ulimini, halilali.

Kitu kimoja hakukikosa, nacho ndicho kilichomnyima usingizi. Alipendwa.

Alipendwa na Daktari Felista, daktari wa upasuaji, binti wa Mwalimu Eliud wa Kiomboi huko Singida. Walikutana mwaka uliotangulia, kambi ya madaktari wa kujitolea ilipokuja kwa mara ya kwanza katika kituo cha afya cha kanisa, kando ya ziwa. Aliko aliajiriwa kuangalia jenereta, na kwa kuwa madaktari wengi hawakujua Kinyakyusa, akafanywa pia mkalimani wa bibi na babu. Mchana mmoja umeme ulizimika Felista akiwa katikati ya kazi. Aliko akaingia na tochi mbili, moja mkononi na nyingine mdomoni, akamwangazia mpaka mwisho bila kupepesa macho. Felista alipovua barakoa alimwambia, "Fundi, hujawahi kuona damu?" Aliko akajibu, "Nilikuwa siangalii damu." Kuanzia siku hiyo simu zao hazikupoa.

Sasa kambi ilikuwa imerudi. Kila asubuhi madaktari, waliozitoa likizo zao kwa ajili ya Mungu na wagonjwa, waliimba wimbo mmoja, wakaomba, wakaosha mikono. Watu walikuja na ngiri, mabusha na vivimbe walivyotembea navyo miaka. Walikuja na kuku na mikungu ya ndizi pia, maana hawakuzoea kwenda kwa mgeni mikono mitupu.

Katika wagonjwa wa siku hiyo alikuwemo Mzee Anyelwisye Mwambungu, baba yake Aliko.

Mzee Anyelwisye alikuwa mkulima wa mpunga na kokoa, mzee wa kanisa, mtu mwenye shingo ngumu na viatu vilivyong'aa. Sikukuu ya Pasaka alikuwa amesimama mbele ya ukoo mzima akatamka, "Binti wa Singida nimemkubali. Ni mkwe wangu." Barua ya posa haikuwa imeandikwa bado, kwa kuwa mzee alitaka mavuno yapite kwanza, lakini kwake yeye neno lilikwisha kutoka. Huyo mkwe hakuwahi kumwona. Ngiri yake ilipimwa na Daktari Sylvester, kiongozi wa kambi, naye mzee hakujua kwamba orodha ya kupasua ilikuwa imegawanywa kati ya Sylvester na Felista, kwa kuwa wapasuaji walikuwa hao wawili tu.

Walimvisha gauni la kijani na kofia ya kijani, wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Nesi akamshika mkono, akaomba pamoja naye, akaingia ndani kuandaa vifaa. Aliko akabaki na baba yake. Alimsikia mzee akirudia sala ya nesi peke yake, kwa kunong'ona, akahisi huruma, na huruma ikamfungua mdomo.

"Baba, usiogope. Atakayekupasua si mgeni."

"Ni nani?"

"Felista."

"Felista yupi?"

"Huyo huyo wa Singida. Mkwe wako. Ana mkono mwepesi, baba, utafikiri—"

Mzee Anyelwisye alilivuta shuka mpaka kidevuni. Alitazama dari, akatazama mlango, akamtazama mwanawe kama mtu anayetazama mwizi aliyemlea mwenyewe.

"Nipe suruali yangu."

"Baba!"

"Suruali."

"Ngiri hii itakuua."

"Nimebeba magunia nayo, nimelima nayo, nimemzika mama yako nayo. Ni yangu. Lakini mke wa mwanangu auone uchi wangu? Aliko, umelogwa? Suruali!"

Akashuka mwenyewe. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akipenya kati ya kina mama waliokaa foleni, koti limefunika gauni, kofia ya kijani bado kichwani. Kina mama walipoiona kofia wakapiga goti. "Shikamoo, daktari!" Mzee akaitikia, "Marahaba," bila kugeuka, akapanda bodaboda akaenda zake.

*

"Mgonjwa wangu yuko wapi?"

Felista alikuwa amesimama mlangoni, mikono yenye glavu ameiinua hewani kama anayesalimu amri. Macho tu ndiyo yaliyoonekana juu ya barakoa, na macho yale Aliko aliyajua. Yalikuwa yakitafuta mtu wa kulaumu.

"Ameondoka."

"Ameondoka vipi? Nesi amemwombea sasa hivi. Ulimwambia nini?"

"Ukweli."

"Nani aliuomba?"

Aliko akaeleza. Kwamba kwa Wanyakyusa mke wa mwana humcha baba mkwe, na jambo hilo huitwa kutila. Mkwe akimwona mzee yuaja njiani, huingia kwenye migomba mpaka apite. Halitaji jina lake. Hali naye, haketi alipo, hamtazami. Na mzee naye hukohoa kabla ya kukata kona, ili kumpa nafasi.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua kama mtu anavyojua hadithi. Kwetu niko peke yangu, Felista. Nyumba yetu haijawahi kuwa na mkwe. Na baba ni mzee wa kanisa, anasoma magazeti, ana simu. Nilidhani mambo hayo yamebaki kwa mabibi."

Felista alivua glavu moja, kisha ya pili, akazitupa kwenye ndoo. "Umenifundisha kusema ndaga fijo, asante sana ya kwenu. Umenifundisha kula samaki mbasa na mfupa wake. Hili ulilisahau?"

"Sikulisahau. Nililiogopa."

"Kwa hiyo nikiolewa nitakuwa najificha kwenye migomba." Sauti yake ilishuka. "Aliko, mimi nimekua nakaa mkeka mmoja na baba yangu tunasikiliza redio. Nilikuwa nasema moyoni, huko Kyela nakwenda kupata baba wa pili. Kumbe nakwenda kupata mtu wa kumkimbia."

"Si kukimbia. Ni heshima."

"Heshima gani inayomfanya mgonjwa akimbie daktari?"

Aliko alitaka kumshika mkono, lakini nesi alikuwa dirishani, na kina mama wa foleni walikuwa wameacha kuzungumza ili wasikie vizuri. Felista aliishusha barakoa kidevuni.

"Kesho jioni Daktari Sylvester atarudi kwa mtumbwi kutoka Ikombe. Mwambie baba yako atapasuliwa na mwanamume. Na wewe, nakuomba, usimwambie kitu kingine chochote. Unaweza?"

"Naweza."

"Sijui," akasema Felista, na akaingia ndani.

*

Lakini ngiri haikusubiri jioni.

Asubuhi ya pili bajaji iliingia kituoni kwa fujo. Ndani yake alikuwemo Shangazi Kisa, amemkumbatia kaka yake mapajani kama gunia la mpunga. Mzee alikuwa ametapika njia nzima. Tumbo lilikuwa gumu, uso umekuwa wa kijivu, na vile viatu vyake vya kung'aa havikuwa miguuni.

"Aliko!" akaita shangazi. "Njoo umwone huyu baba yako! Tangu jana namwambia, yeye ananiambia gesi, gesi! Gesi gani inayomfanya mtu amwite mama yake aliyekufa?"

Walimlaza, wakamzungushia pazia la kitambaa. Ziwa lilikuwa limechafuka tangu alfajiri. Daktari Sylvester alipiga simu kutoka Ikombe kusema hakuna mwenye mtumbwi aliyekubali kutoka. Kumpeleka mzee Mbeya katika hali ile kulikuwa sawa na kumzika njiani. Utumbo ulikuwa umenasa kwenye ngiri na damu haikuupita. Baada ya saa chache ungeoza, na mzee angekwenda nao.

Felista alikuja akasimama nje ya pazia. Hakulifungua. Aliko aliona jinsi alivyoikunja mikono yake nyuma, kama mwanafunzi mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu.

"Mzee, shikamoo. Mimi ni daktari. Niko nyuma ya pazia, sijakuona."

Ikaja sauti ya mzee, dhaifu lakini yenye kiburi kilekile: "Kisa, mwambie anayesema huko kwamba nimemsikia."

"Amekusikia," akasema Shangazi Kisa, ambaye hakuhitajika, maana pazia lilikuwa jembamba kama chandarua.

"Shangazi, mwambie utumbo wake umenasa. Lazima nimpasue sasa."

"Kaka, anasema—"

"Mwambie nitamngoja daktari mwanamume."

"Mwambie atakapofika hatamkuta."

"Basi mwambie nimeishi."

Shangazi Kisa alijipiga paja. "Nyie watu msinifanye simu! Kaka, unakufa! Kufa kabisa, kwa kufukiwa!"

Felista akasogea karibu na kitambaa. "Mzee, nisikilize. Nitakufunika mwili mzima kwa nguo za kijani. Patabaki kidirisha kidogo, upana wa kiganja. Utalala usingizi. Sitakuona wewe, nitaona hicho kidirisha tu."

Mzee aliugulia, kisha akasema, "Mwambie kisu kina macho. Na mwambie simdharau. Nimemkubali mbele ya ukoo, na mtu uliyemkubali hivyo humvunjii heshima kwa sababu tumbo linauma. Mke wa mwanangu akinigusa, nitamtazamaje? Nyumba itakuwaje? Afadhali niondoke yeye akiwa bado mkwe wangu."

Nje ya pazia Felista alifumba macho. Alipoyafumbua alimtazama Aliko. Hakumtazama kama daktari. Alimtazama kama mtu anayekiangalia chumba kabla ya kuzima taa, akihesabu kila kilichomo: masikio yake makubwa, mafuta ya jenereta kwenye kola, midomo iliyokuwa ikitaka kusema. Aliko aliogopa kabla hajajua anaogopa nini.

"Felista," akanong'ona. "Usi—"

"Shangazi Kisa," Felista akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, hata na nesi aliyeshika dripu. "Toka nje ya pazia uwe shahidi. Mimi Felista, binti wa Eliud, si mchumba tena wa Aliko. Posa yenu ikija sitaipokea. Kuanzia sasa mimi si mkwe wa mtu yeyote katika ukoo huu. Ni daktari tu, mgeni kutoka Singida."

Shangazi alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Weee! Mtoto wa watu!"

"Anasema kweli?" mzee akauliza, na kwa mara ya kwanza hakumtuma mtu.

"Nasema kweli, mzee."

"Si hila ya kunilaza?"

"Mimi huwa simlazi mgonjwa kwa hila."

Mzee akaita, "Aliko. Na wewe?"

Maisha yake yote Aliko alikuwa amesema yasiyoulizwa. Sasa aliulizwa. Ulimi ulimkauka kama jani la mgomba juani. Alimtazama Felista amwombe kwa macho, naye Felista alikuwa amekwisha kugeuka akavaa kofia, akificha uso wake chini ya kazi. Ndani, baba yake aliugulia tena, mlio wa mnyama.

"Nimemwachia, baba," akasema.

Pazia likafunguliwa. Mzee na daktari wakatazamana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti," akasema Mzee Anyelwisye. "Fanya upesi, basi."

*

Umeme wa gridi ulikatika kabla hawajaanza. Aliko alikaa nje kando ya jenereta muda wote wa upasuaji, akiisikiliza kama mtu anavyosikiliza moyo. Alisimama, akakaa, akafungua kifuniko cha mafuta ambacho hakikuhitaji kufunguliwa, akakifunga. Alilizunguka jengo mara nyingi hata mbuzi aliyefungwa pale akachoka kumtazama. Aliomba baba yake apone. Halafu akaomba jambo lingine, akaona aibu kuyaweka maombi mawili hayo kwa pamoja, akanyamaza.

Mzee alipona. Utumbo ulikuwa umebadilika rangi lakini haujafa. Ukarudi mahali pake. Daktari Sylvester alipofika na kuona kazi, alisema neno moja tu, "Safi," na madaktari wakaimba.

Siku ya kuondoka ilipofika, Aliko alimkuta Felista nyuma ya jiko, akikunja nguo za kijani zilizokuwa zimeanikwa juani. Alizikunja vizuri mno, kingo juu ya kingo, kama anayeogopa kumaliza.

"Sasa yamekwisha," Aliko akasema. "Baba anakunywa uji. Anamgombeza nesi. Turudi tulipokuwa."

"Tulipokuwa wapi?"

"Felista, kila mtu anajua ulisema vile ili kumwokoa."

"Nilisema vile kwa sababu ilikuwa kweli." Aliweka nguo chini. "Aliniuliza kama ni hila. Alikuwa amelala pale, anakufa, na akaniuliza. Nikamjibu siyo. Akakubali kwa sababu ya jibu hilo. Nikirudi kwako leo, basi nilimdanganya mgonjwa ili apande meza yangu. Nitamtazamaje mwingine?"

"Hata kama unanipenda?"

"Nani amesema sikupendi?" Macho yake yalijaa, na hakuyafuta. "Sijalala, Aliko. Nikifumba macho nasikia ulivyosema 'Nimemwachia.' Ulilisema vizuri. Nilitamani ulikosee."

"Niambie nifanye nini."

"Mimi siwezi kulimeza neno langu. Mwenye kuniondolea ni yule niliyempa, naye sitamwomba. Hata wewe usimwombe kwa jina langu."

"Nimwombe kwa jina la nani?"

Honi ya gari ilipigwa. Daktari Sylvester alikuwa akiita majina. Felista aliichukua kofia moja ya kijani kutoka kwenye rundo, akaitazama, akairudisha.

"Ndaga fijo, Aliko," akasema kwa lafudhi yake ya Kinyiramba iliyokuwa ikimchekesha siku zote. Safari hii haikumchekesha. Gari likapinda kwenye migomba, vumbi likabaki.

*

Aliko alivumilia siku za kutosha mzee kutolewa nyuzi. Wakati huo mzee alikuwa amerudi nyumbani Katumba Songwe, amekaa kitandani kwa mito miwili, Shangazi Kisa akimpikia wali laini kama wa mtoto. Moyo wa mzee ulikuwa mweupe, na hilo ndilo lililomtesa Aliko zaidi.

"Nimewaza," mzee akasema mchana mmoja, sahani mapajani. "Yule daktari tumpe heshima. Nitaita ukoo. Nitamtangaza kuwa binti yangu. Tumpe na jina la kwetu. Aliyekuona ulivyo, akakufunika, huyo ni mama yako au binti yako."

Aliko alikuwa amesimama dirishani. Hakuwa amekaa kwenye kiti tangu gari lile liondoke. "Binti yako?"

"Hasa."

"Akiwa binti yako, mimi ni nani wake?"

Kijiko cha mzee kilisimama.

"Ni kaka yake," akasema Aliko. "Umenitafutia dada, baba. Ahsante. Nilikuwa sina."

"Usinijibu hivyo ndani ya nyumba yangu."

"Nitajibu wapi? Yangu ni msingi wenye kuku!"

"Aliko!" Shangazi Kisa akatokea mlangoni na mwiko.

"Niacheni niseme, kisha nitanyamaza mpaka nizeeke. Baba, wewe ulikuwa radhi kufa ili abaki mkwe wako. Yeye akawa radhi asiwe mkwe wako ili uishi. Sasa niambie, wewe mzee wa kanisa, kati yenu wawili nani alimcha mwenzake zaidi?"

Mzee akamtazama dada yake apate msaada. Hakuupata.

"Usinitazame mimi," akasema Shangazi Kisa. "Nilikuwa pale. Sisi wanawake wa zamani tulimkimbilia baba mkwe migombani, tukasubiri apite, tukarudi kwenye kazi zetu. Kukimbia kwetu kulituchafua sketi. Yule mtoto alikimbia mbali zaidi yetu sote, kaka. Aliondoka kabisa. Na hajarudi kudai hata asante."

"Hajaomba?" mzee akauliza taratibu. "Hajamtuma huyu?"

"Amenikataza," Aliko akasema. "Amesema neno alilokupa ni lako."

Nje, mtoto wa jirani alikuwa akifukuza ndege mpungani, akipiga debe. Mzee Anyelwisye alisikiliza debe lile kwa muda mrefu. Aliligusa tumbo lake la chini, juu ya kovu, kwa ncha za vidole.

"Mimi nikisema, nimesema," akasema hatimaye, si kwa Aliko wala kwa Kisa. "Nilidhani niko peke yangu." Kisha akakunja uso. "Kisa, lete karatasi. Ile yenye mistari, siyo ya daftari la mpunga. Aliko, kaa chini. Unanipa kizunguzungu."

Aliko akakaa. Aliandika taratibu kama mtoto wa darasa la kwanza, mzee akitamka na kumsahihisha.

*Kwa Mwalimu Eliud, Kiomboi. Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Anyelwisye Mwambungu wa Katumba Songwe. Binti yako amenipasua tumbo, nami niko hai. Ili anipasue alilazimika kumkataa mwanangu mbele ya mashahidi, na alimkataa kweli, hakunidanganya. Neno hilo alinipa mimi. Leo ninamrudishia, nalo ni lake, alitumie apendavyo. Kwa mila zetu mtu aliyeniona hivyo hawezi kuwa mkwe wangu. Ninaijua mila hiyo na sijaisahau. Kwa hiyo ninaposema namwomba awe mke wa mwanangu Aliko, ujue kwamba ninajua ninachokiomba.*

"Andika na hili," mzee akasema, akinyanyuka kidogo kwenye mito. "*Akikubali, asije akakimbilia migombani. Tukikutana njiani, nitakayempisha ni mimi.*"

Shangazi Kisa alifuta macho kwa upande wa mkono ulioshika mwiko, akajipaka wali kwenye shavu.

"Na akikataa?" Aliko akauliza.

"Akikataa amekataa. Usimpigie simu."

"Baba! Hata kumwambia barua iko njiani?"

"Hata hilo. Ulimi wako umekwisha kututembeza vya kutosha. Neno lililotolewa mbele ya watu hurudishwa mbele ya watu. Baba yake ataisoma kwanza."

Mzee aliweka sahihi yake, kubwa, yenye mikia. Bahasha ilikuwa kuukuu na gundi yake imekufa. Mzee aliilamba, haikushika. Basi akachota wali kutoka sahanini, ule wali wa Kyela unaonata ukipoa, akauponda kwa kidole gumba ukawa uji mzito, akaupaka ukingoni na kuukandamiza kwa kiganja. Akaikalia bahasha dakika chache, kwa uzito wake wote, akikunja uso kwa maumivu ya kovu, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Siku hiyohiyo Aliko alipanda bodaboda mpaka Kyela mjini. Haruni alimwona akipita mbio mbele ya duka, akamwita, "We fundi, unakimbizwa na nani? Sola ya yule mteja Hanifa umeimaliza?"

"Kesho, bosi!"

"Kesho yako naijua!"

Basi la Mbeya lilikuwa limekwisha kuwasha injini. Aliko alimsimamisha kondakta mlangoni, akamweleza: barua ikabidhiwe ofisi ya mabasi ya Singida pale stendi ya Mbeya, iende mpaka Kiomboi, kwa Mwalimu Eliud, mkononi mwake. Kondakta aliigeuzageuza bahasha.

"Mbona inanata? Kuna nini ndani?"

Aliko alifungua mdomo. Maneno yote yalikuwa pale: tumbo, pazia, jenereta, zile nguo za kijani zilizokunjwa kingo juu ya kingo.

"Posa," akasema, na hakuongeza.

Kondakta akacheka, akaiingiza kwenye mfuko wa shati, akaubana kwa kifungo, akagonga ubavu wa basi mara mbili. Basi likaondoka, likapita soko, likapita magunia ya kokoa, likashika barabara ya Mbeya. Aliko alisimama katikati ya stendi, bajaji zikimpigia honi kila upande, kidole gumba na kidole cha shahada bado vimegandana kwa wali.